Kanuni Iliyoandikwa Jumatatu

Siku ile mkalimani alipomfokea fundi wa kampuni ya intaneti mpaka majirani wakachungulia madirishani, baba yake alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai mkononi, akitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mara ya nne hii!" alisema mkalimani. "Mara ya nne mnapanda ngazi, mnapapasa waya, mnaniambia laini ni nzima. Kama ni nzima, mbona wagonjwa wananisikia kama mtu aliyetumbukizwa kwenye pipa la maji?"

Fundi alikuwa mtu wa makamo, ndevu zimeanza kuingia mvi, bisibisi kaibana kwa meno. Aliitoa, akashuka ngazi taratibu. "Dada, nimepima kule kwenye nguzo. Nimepima kwenye ruta yetu. Nimepima na kwenye laptopu yako. Kote kasi ni ileile mnayolipia. Labda tatizo liko ndani."

"Ndani wapi? Ndani ya nyumba hii kuna injinia wa simu aliyeifanya kazi hiyo miaka thelathini na nne. Alianza kupanda nguzo wewe hujajua hata kufunga kamba za viatu. Usije ukamsingizia mzee wangu makosa ya kwenu."

"Mzee sijamtaja."

"Umetaja ndani. Ndani tuko wawili, mimi na yeye."

Baba akaingilia kwa upole. "Mwache, mama," alimwambia binti yake. "Mafundi wa siku hizi wanapima tu. Sisi laini tulikuwa tunaisikiliza."

Fundi alikunja ngazi yake, akaandika namba ya simu kwenye karatasi ya kazi, akampa mkalimani pale langoni. "Siku hasira zikipungua," alisema kwa sauti ya chini, "chomoa waya unaotoka kwenye ile kompyuta ya mzee iliyo kabatini, uuchomeke moja kwa moja kwenye ruta yetu. Fanya kazi saa moja tu. Halafu uniambie mimi ni fundi wa namna gani."

Mkalimani aliifinyanga ile karatasi, akaitia mfukoni, akarudi ndani kumpoza baba yake, maana aliona kama ndiye aliyetukanwa.

Hasira zake zilikuwa na chanzo. Mkalimani huyu alikuwa mtoto wa pekee. Ndoa yake ilivunjika mapema, haikuacha mtoto wala kinyongo. Mama yake alipofariki, alikuja nyumbani kukaa na baba wiki mbili. Wiki mbili zikazaa miaka mitatu. Chumba ambacho mama alikuwa akishonea nguo kikawa ofisi yake: cherehani ikasukumwa pembeni, mezani pakakaa laptopu, vipokea sauti vya masikioni na daftari la maneno ya hospitali. Kila asubuhi, kuanzia saa mbili hadi saa saba, aliketi pale akiwakalimania madaktari na wagonjwa walio mbali naye, wasiojuana lugha. Daktari akisema, yeye anageuza. Mgonjwa akilalama, anageuza hata malalamiko, kwa kuwa kuna "aa" ya maumivu na "aa" ya woga, na daktari ni lazima ajue ameisikia ipi.

Baba yake, mtaani, walimwita Injinia, naye aliitika. Alikuwa mtu wa lebo. Kila waya ndani ya nyumba ulikuwa na kipande cha utepe mweupe chenye mwandiko wake wa herufi kubwa: FRIJI. TAA YA UANI. KENGELE. "Fundi asiyeandika lebo," alipenda kusema, "anamwibia muda fundi atakayekuja baada yake." Hata chini ya laptopu ya binti yake alibandika utepe wenye namba ya utambulisho wa mashine ile.

Alipostaafu mikono ilimwasha. Alitengeneza redio za mtaa mzima mpaka zikamwishia. Ndipo aliposikia habari za wezi wanaoingia majumbani kwa njia ya intaneti, akachukua kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi fulani, akaifuta vumbi, akaiweka kwenye kabati la ukumbini kati ya ruta ya kampuni na nyumba nzima. Akaigeuza faiawoli.

"Mwone kama bawabu," alimweleza binti yake wakati ule. "Chochote kinachoingia au kutoka kinapita mbele yake. Bawabu ana orodha ya kanuni. Anaisoma kuanzia juu kwenda chini: huyu apite, huyu asipite, huyu apite lakini polepole. Hakuna kinachompita bila kuulizwa."

"Na mimi ataniuliza?"

"Wewe ni mwenye nyumba. Atakupigia saluti."

Wakacheka sana siku hiyo. Mkalimani aliwasimulia hata wenzake wa kazini kwamba baba yake, na miaka yake sabini na moja, amejenga ulinzi ambao mabenki yanalipia fedha nyingi.

Miaka miwili ilipita salama. Halafu msimamizi wake akamdokeza kwamba hospitali kubwa, mji wa mbali, inaanzisha kituo chake cha ukalimani, na inatafuta mtu wa kuhamia huko kukiongoza. "Wewe usipoomba, nitakuombea mimi," alisema msimamizi. Mkalimani alimweleza baba yake siku ileile, jikoni, wakimenya viazi. Baba alichukua kiazi kingine, akasema, "Kizuri hakikosi kuonekana." Akaendelea kumenya.

Wiki haikwisha, intaneti ikaanza vituko.

Haikufa. Ingekufa, pangekuwa na nafuu, angeita fundi, fundi angeiona maiti. Hii ilikuwa inaugua asubuhi na kupona mchana. Kuanzia saa mbili picha yake iliganda kwa wenzake, mdomo wazi, kama samaki wa kwenye barafu. Sauti yake ilifika vipandevipande. Yeye aliwasikia vizuri kiasi, ila wao hawakumsikia. Ikifika saa saba, akimaliza kazi, kila kitu kinateleza. Akipima kasi, kipimo kinamwonyesha namba za kujivunia. Alibadilisha vipokea sauti. Alihamisha meza. Alinunua waya mpya mrefu, baba akaupitisha ukutani kwa mkono wake mwenyewe, akaubandika lebo: MKALIMANI. Kampuni ililaumiwa, ikatuma fundi, fundi akapima, akaondoka.

Asubuhi moja alikuwa akimkalimania bibi mmoja mgonjwa wa moyo. Daktari alisema nusu kidonge asubuhi, kizima jioni. Mkalimani akageuza, na bibi akauliza, "Kizima asubuhi?" Neno nusu lilikuwa limemezwa. Akarudia. Likamezwa tena. Akarudia mara ya tatu, akipaza sauti kama mtu anayeita ng'ambo ya mto, akainua kidole na kukikata kati kwa mkono mwingine, lakini picha ilikuwa imeganda. Daktari alishusha pumzi. "Samahani," alisema, "naomba nipewe mkalimani mwingine." Tangu siku hiyo zamu zake zikaanza kupunguzwa, na kila aliposhika kichwa mezani, baba yake alimletea chai na kumwambia, "Kazi zenyewe ndiyo hizo, mama. Zinategemea waya wa watu. Hapa mjini shule ngapi zinatafuta mwalimu wa lugha?"

Hata hivyo aliitwa kwenye usaili wa ile kazi ya mbali. Jumanne, saa nne asubuhi, kwa video. Jumatatu jioni, wakiwa mezani, alimweleza baba yake. Baba alinyanyuka, akamwekea mkono kichwani kama alivyokuwa akifanya siku za mitihani, akamwombea dua ndefu, akamaliza kwa sauti iliyokwaruza. Mkalimani alikwenda kulala mapema akijiona mtoto mwenye bahati.

Jumanne saa nne kamili laini ilikatika. Si kuganda, si kukwama. Ilikatika kama iliyopigwa panga. Alijaribu bando la simu, lakini mtandao wa simu nyumba ile ulikuwa wa kubahatisha, ukumbini haupo, uani upo robo. Akakimbilia uani. Baba akakimbia naye, akamshikia laptopu juu kwa mikono miwili, juani, jasho linamtiririka, huku yeye akiinua simu huku na huko kama mtu anayetafuta nyuki. Waliomsaili walisikia maneno ishirini hivi na kuhema kwingi. Mwishowe wakamwandikia: asante kwa muda wako. Laini ilirudi saa tano na nusu.

Basi kesho yake, Jumatano, ndipo alipomfokea fundi.

Siku ya pili yake, Alhamisi, shangazi, mdogo wake Baba, alikuja na teksi asubuhi kumchukua kaka yake kwenda kliniki ya macho. Mkalimani akabaki peke yake na zamu ya saa tatu. Alipotia mkono mfukoni kutafuta kalamu, akakuta karatasi iliyofinyangwa. Alitazama ile namba ya fundi. Akacheka kwa dharau, kisha akaenda kabatini, akauchomoa ule waya wa faiawoli, akauchomeka kwenye ruta ya kampuni, kwa nia ya kumsuta fundi wa watu.

Saa ile yote haikutokea hitilafu hata moja. Alisikia mpaka kalamu ya daktari ikikwaruza karatasi. Alimkalimania mama mwenye pacha, mzee mwenye kisukari, na binti aliyekuwa akiogopa sindano. Walipomaliza daktari akatania, "Leo umeazima intaneti ya ikulu?"

Mkalimani alivua vipokea sauti, machozi yakamlengalenga kwa faraja. Kwa hiyo fundi alisema kweli, tatizo lilikuwa ndani, bawabu amezeeka. Masikini Baba! Mashine kuukuu imebebeshwa kanuni mpaka haiwezi kutembea, na yeye hajui, maana macho yenyewe ndiyo hayo. Aliona hata aibu atakayoipata mzee akiambiwa. Akaamua kumfichia. Ataingia mwenyewe, ataondoa kanuni zisizo na kazi, atairudisha mashine mahali pake ikiwa nyepesi, na Baba atarudi akute nyumba imepona, asijue kilichotokea.

Akaurudisha waya kwenye faiawoli. Nywila ilikuwa imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, kwa utepe mweupe. Mzee hakuwa na siri na binti yake.

Orodha ilifunguka: kanuni mia mbili na thelathini na moja. Alikaa chini sakafuni, laptopu mapajani, akaanza kuzisoma kuanzia juu. Zilikuwa kama shajara ya mzee. Kila moja ilikuwa na lebo, na pembeni mashine yenyewe iliweka tarehe na saa ya kuandikwa kwake. TOVUTI ZA KAMARI – ZUIA. REDIO YA MPIRA – IPEWE NJIA. JIRANI WA KUSHOTO ALIYEKISIA NYWILA YETU – ZUIA, NA AJITAFAKARI. Mkalimani alicheka peke yake, akajifuta macho. Alifuta chache zilizojirudia.

Alipofika katikati ya orodha akakuta: UKALIMANI – ASUBUHI.

Alidhani ni ile saluti yake. Akaifungua. Mashine inayohusika ilitajwa kwa namba yake ya utambulisho. Aliinua laptopu, akasoma utepe wa chini. Namba ileile. Siku: Jumatatu hadi Ijumaa. Saa: mbili hadi saba. Kinachoingia kipite. Kinachotoka kipite kwa kasi ndogo kabisa, kasi ambayo hata barua ingelalamika. Tarehe ya kuandikwa: siku nne baada ya viazi.

Chini yake: KIPIMO CHA KASI – KIPITE BILA KIZUIZI.

Aliirudia hii mara tatu ndipo akaielewa. Fundi mara nne. Ngazi mara nne. Kila kipimo kilichofanywa kwenye laptopu yake kilifunguliwa njia makusudi, ili waambiane laini ni nzima.

Na chini yake zaidi: USAILI. Mashine ileile. Zuia kabisa. Jumanne, saa nne kamili hadi saa tano na nusu. Iliandikwa Jumatatu, saa mbili kasoro dakika ishirini jioni.

Mkalimani hakulia. Alinyanyuka, akaenda jikoni, akafungua maji ya bomba, akayatazama yakimwagika, akayafunga. Akarudi kabatini kuhakikisha, kama mtu anayerudi kuangalia kama amefunga mlango. Maneno yalikuwa palepale, kwa herufi kubwa. Hakuona hata haja ya kuyapa jina la kupotosha. Alipanga kumkata mwanawe, akapanga vizuri, akabandika lebo.

Baba alirudi saa sita. Shangazi alimfikisha mlangoni, akaaga, akarudi kwenye teksi yake. Mzee alikuwa amevaa miwani myeusi ya kupewa kliniki; walimtia dawa ya kupanua mboni, na hangeweza kusoma kitu mpaka jioni. Alipapasa kiti, akaketi.

"Mama, upo? Wamesema jicho la kulia bado lina maisha."

"Nipo, Baba. Nataka nikusomee kitu."

"Barua imekuja?"

"Maandishi yako."

Akamsomea. Alisoma kama anavyowasomea madaktari, bila kuongeza, bila kupunguza, sauti moja. Ukalimani, asubuhi. Kipimo cha kasi. Usaili. Alisoma siku, akasoma saa, akasoma tarehe. Alipomaliza, ndani ya nyumba ilisikika friji tu.

"Hizo ni kanuni za usalama," alisema Baba. "Mambo ya ndani ya mashine, mwanangu, ukiyasoma juujuu huwezi—"

"Baba."

Mzee akaegemea kiti.

"Mimi kazi yangu ni kugeuza maneno. Haya hayana haja ya kugeuzwa."

Baba alivua miwani. Mboni zake zilikuwa kubwa na nyeusi, hazioni. Aliirudisha. "Sikukukata," alisema. "Nilipunguza tu. Nilijua utaichoka, utatafuta kazi ya hapahapa. Wewe ni mtu wa kuchoka haraka, tangu utotoni."

"Na Jumanne? Jumanne pia ulipunguza?"

Mzee akageuzia uso dirishani.

"Nilikuambia Jumatatu mezani. Ulinishika kichwa, ukaniombea mpaka sauti ikakwama. Saa mbili kasoro dakika ishirini ulikuwa umeshaandika hii. Chai haijapoa, Baba! Uliniombea ukiwa umeshaamua, au uliamua baada ya kuniombea?"

"Nilikuombea kwa moyo wangu wote."

"Na mikono ya nani iliyoandika?"

Baba alianza kusugua magoti. "Ungeniambia waziwazi kwamba unaondoka, ningekupa baraka."

"Nilikuambia. Ukanipa."

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni wenye gurudumu linalolia. Mkalimani alingoja upite.

"Yule bibi wa nusu kidonge," alisema. "Nilikusimulia. Uliniletea chai, ukasema pole. Kama angekwenda kumeza kizima?"

"Sikuwafikiria wagonjwa," alisema mzee. "Wallahi sikuwafikiria. Nilikuwa nakuona wewe tu, na ile skrini."

"Miaka thelathini na nne umewaunganisha watu kwa simu. Hukuwahi kufikiri kwamba upande wa pili kuna mtu?"

"Nyumba hii ina vyumba vinne!" Baba alipaza sauti ghafla. "Mama yako hayupo. Ukiondoka wewe, asubuhi nitamwamkia nani? Friji?"

Katika siku nyingine wangecheka. Mkalimani alihisi kicheko kikipanda, na hicho ndicho kilichomuumiza kuliko yote, kwamba hata sasa mtu huyu anajua pa kumgusa ili acheke.

"Ulinishikia laptopu juani," alisema polepole. "Hilo ndilo siliwezi. Kunizuia, ningesema uzee, ningesema upweke. Lakini ulikimbia na mimi uani. Ulikuwa unatokwa jasho. Ukaniambia, sogea kule, mama, kule utapata. Nawe unajua ufunguo uko kabatini. Ulikuwa unamwonea huruma nani?"

Mkono wa Baba ulitafuta kikombe mezani, ambacho hakikuwepo.

Mkalimani alizifuta zile kanuni tatu mbele yake, akimtajia kila moja kabla ya kuifuta. Zilizobaki hakuzigusa. Kisha akampikia chakula cha mchana, kwa kuwa mzee hangeona jiko, akampakulia, akaenda kula chumbani kwake. Katika miaka mitatu hawakuwahi kula mbalimbali.

Alipiga simu hospitali ile ya mbali. Alieleza kwamba palikuwa na hitilafu ya nyumbani na imeshaondolewa. Hakuweza kusema, "Ni baba yangu." Mwanamke wa upande wa pili alimsikitikia, akasema nafasi ilishajazwa jana yake. "Tungekusikia, pengine," alisema, kisha akajutia kuwa amesema.

Kesho yake asubuhi alikwenda ofisi ya kampuni ya intaneti kwa miguu. Alimkuta fundi uani pamoja na wenzake sita, wanapakia ngazi kwenye gari. Kwa kuwa alimtukana mbele za watu, alimwomba radhi mbele za watu. Wenzake wakashangilia. Mmoja akasema asubuhi hiyo iwekwe kwenye kalenda ya kampuni. Fundi akamvuta pembeni.

"Ilikuwa kompyuta ya mzee?"

"Ilikuwa mzee."

Fundi alitikisa kichwa taratibu. Alimweleza kwamba kanuni nyingi kwenye mashine kuukuu kweli huchelewesha, kama foleni yenye mkaguzi mmoja, lakini ucheleweshaji wa namna hiyo hauna saa ya kuanza wala ya kuisha. Humpata kila mtu, kutwa. "Wa kwako ulikuwa unafika saa mbili na kuondoka saa saba, kama mwajiriwa. Na kipimo changu kikipita kama bwana harusi, vingine vyote vimezuiwa mlangoni. Nikajua tangu mara ya pili. Laini haichagui hivyo, dada. Mtu ndiye anayechagua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungemwamini nani?"

Mkalimani alimshukuru, akaondoka.

Shangazi alipopata habari alikuja mbio, akamkalisha mkalimani jikoni. "Mzazi hatupwi, mwanangu. Kaka yangu kakosa, lakini kakosa kwa mapenzi. Uzee nao una utoto wake."

"Shangazi, utoto haupangi ratiba ya Jumatatu hadi Ijumaa."

Shangazi alitaka kusema jambo jingine, akaona uso wa binti wa kaka yake, akaishia kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Mwezi huo mkalimani akahamia vyumba viwili juu ya duka la dawa, upande mwingine wa mji. Zamu zake zilirudi moja moja. Kila Jumamosi alikwenda kwa baba yake, akamfulia, akamsomea barua za kliniki, akamtia dawa ya macho. Hakumnyima kitu isipokuwa habari. Zamani angemweleza daktari gani kapiga chafya, mgonjwa gani kamchekesha. Sasa mzee akiuliza, "Kazi inakwendaje?" anajibu, "Vizuri, Baba," na wote wawili wanaangalia redio.

Ile kompyuta ya kabatini Baba aliizima mwenyewe. Hakuambiwa. Jumamosi moja mkalimani aliikuta imefunguliwa mezani, skrubu zimepangwa kwenye kisosi, mzee ameiinamia karibu kabisa na jicho lake la kulia. Hakuuliza inafanywa nini.

Mwaka ulipokaribia kuisha, aliyepewa ile kazi ya mbali akaiacha, na hospitali ikamwandikia tena mkalimani. Alisailiwa siku ya kazi, chumbani kwake, mlango umefungwa kwa komeo. Hakumwambia msimamizi, hakumwambia shangazi. Baba naye, mkalimani alimwambia baada ya kutia saini, Jumamosi, akiwa anamkunjia mashuka.

"Usaili ulikuwa lini?" aliuliza mzee.

"Mwezi uliopita."

"Hukuniambia."

"Sikukuambia."

Baba alishika ncha mbili za shuka ili wakunje pamoja. Walikunja mara mbili, mikono ikakutana katikati. "Walikusikia vizuri?"

"Walinisikia."

"Basi," alisema mzee. "Basi."

Siku ya safari, Shangazi alishafika na mizigo yake. Yeye ndiye angekaa na kaka yake. Baba alisisitiza kubeba begi kubwa mpaka garini, akakataa kusaidiwa, akalitia nyuma, akafunga mlango mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza haukushika. Akasimama pale, mikono mitupu, amekunja uso kwa sababu ya mwanga.

"Umenisamehe, mama?"

Mkalimani alijua neno ambalo mzee alilitaka, na alijua kulisema kungekuwa rahisi. Angeweza kulisema kwa lugha tatu. "Bado, Baba," alisema. "Najaribu."

Mzee aliitikia kwa kichwa, kama fundi aliyepewa kipimo asichokipenda lakini anakiamini. "Utapiga simu?"

"Nitapiga."

Alimkumbatia, akaingia garini. Gari lilipita nyumba ya jirani wa kushoto, likakata kona. Dereva alimwuliza kama afungue dirisha au awashe kiyoyozi, akauliza tena, na mpaka walipofika barabara kuu mkalimani alikuwa bado hajaweza kumjibu.